Reli Yangu Haiendi Popote

Swali huja kabla salamu hazijaisha. Mtu anaingia keja yangu, anavua viatu mlangoni, anatafuta pa kukaa, halafu anaona ubao wa meta moja na nusu uliolala juu ya kreti za soda. Juu ya ubao kuna reli, mabehewa manane na kichwa kimoja cha treni cha ukubwa wa simu. Anainama, anatabasamu, anagusa kitu ambacho hakupaswa kugusa, kisha anauliza: "Sasa hii inakulipa aje?"

Nimeulizwa na keteka wa ploti. Nimeulizwa na binamu yangu, na jamaa wa gesi, na msichana niliyekuwa nikitaka anione mtu wa maana. Hainilipi. Na kila nikijibu hivyo naona uso wa mtu ukibadilika, kama vile nimekiri ugonjwa.

Nimechoka na hilo swali. Nimechoka hasa kwa sababu linaulizwa na watu wema.

Wacha nianze na chuma chenyewe. Mwaka jana nilikuwa Gikomba nikitafuta koti. Kwenye rundo la mitumba ya watoto, katikati ya midoli isiyo na vichwa na magari yasiyo na magurudumu, nikaona kichwa cha treni cha umeme. Kidogo, lakini kizito. Muuzaji alitaka 500, nikatoa 300, koti nikasahau. Nilipofika nyumbani nikapima njia yake kwa rula: milimita 16.5. Huko Ulaya na Marekani hicho ndicho kipimo cha kawaida cha treni zilizopunguzwa mara 87. Zidisha 16.5 kwa 87 utapata 1,435 na ushee. Milimita 1,435 ndio upana wa SGR yetu, na wa reli nyingi za dunia.

Lakini mimi sikulelewa na hadithi za SGR. Babu yangu alikuwa shunta, yule mtu wa kupanga mabehewa yadini, na reli yake ilikuwa ya meta moja. Basi nikageuza hesabu. Elfu moja gawanya kwa 16.5 ni 60 na kitu. Maana yake ni hii: nikijenga kila kitu kingine kwa kipimo cha moja kwa 60, yaani mlango, behewa, mtu wa milimita 28, magurudumu yale yale ya mzungu wa Ulaya yanakuwa magurudumu ya reli ya Kenya. Chuma sikukigusa. Nilibadilisha dunia iliyo kando yake. Watu wa New Zealand, ambao reli yao ina upana wa milimita 1,067, hufanya ujanja huo huo kwa kipimo cha moja kwa 64.

Usiku ule sikulala, na haikuwa kwa sababu ya kunguni.

Vingine vilifuata polepole. Nilirudi Gikomba Jumamosi nne mfululizo mpaka nikapata mabehewa manne mabovu, kila moja na ekseli nne. Nne mara nne ni kumi na sita, na mabehewa yangu manane ya mizigo yanahitaji ekseli mbili mbili. Miili yao ni kadibodi ya maboksi ya viatu. Reli ni waya wa shaba, ule mnene wa fundi wa stima, niliounyoosha kwa kuuvuta na kuubingirisha kati ya mbao mbili. Mataruma ni vipande vya bodi za redio zilizokufa, kutoka kwa fundi mmoja karibu na Luthuli. Shaba iliyo juu ya bodi ndiyo inayoshika risasi ya kuchomelea. Kila taruma lazima likwaruzwe katikati, la sivyo umeme utavuka kutoka reli moja hadi nyingine na treni haitaenda. Nililikosea hilo mara mbili. Swichi mbili za kugawa njia zilinichukua wiki tano, na ya kwanza bado inayumba. Gharama yote mpaka leo ni shilingi 3,850. Kuna watu humalizia hizo kwa Ijumaa moja.

Sasa, kuhusu hiyo meta moja.

Reli yoyote iliyo chini ya 1,435 huitwa reli nyembamba, na katika nchi hii neno nyembamba limegeuka tusi. Ilipozinduliwa SGR mwaka 2017, ile nyingine ikawa aibu ya ghafla, kama shangazi wa mashambani aliyefika harusini na kiondo. Reli ya zamani. Reli ya mkoloni. Kwamba ilijengwa na mkoloni ni kweli, na nitarudi hapo. Lakini upana wake haukuwa uzembe. Walipoanza kutandika kutoka Mombasa mwaka 1896, India tayari ilikuwa na maelfu ya kilomita za meta moja, na kule ndiko walikotoa vichwa vya treni, vifaa, na wafanyakazi takriban 32,000. Reli nyembamba hukunja kona kali zaidi, hivyo unachimba kidogo na kujaza kidogo. Kule Mazeras ilijizungusha na kupita juu yake yenyewe ili ipate kupanda. Ilifika Nairobi 1899, ziwani 1901, na baadaye tawi la kuelekea Uganda likapanda Timboroa, zaidi ya meta 2,700 juu ya bahari.

Na juu ya hiyo meta moja yalitembea madude. Nenda makumbusho ya reli pale Nairobi ukasimame chini ya Mount Gelai, namba 5918. Ni mojawapo ya vichwa 34 vya mvuke vilivyojengwa na Beyer Peacock kule Manchester katikati ya miaka ya 1950, vyote vikipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Tani zaidi ya 250, urefu karibu meta 32. Ndivyo vilivyokuwa vichwa vya mvuke vyenye nguvu kuliko vyote vilivyowahi kutembea reli ya meta moja duniani. Nikikijenga kwa kipimo changu kitakuwa sentimita 53, zaidi ya theluthi ya ubao wangu wote. Yaani siwezi kukimudu hata kikiwa cha kadibodi.

Mwaka 2020 serikali ilileta treni 11 za dizeli zilizotumika kutoka Mallorca, Uhispania, za kubeba abiria wa Nairobi. Watu tukacheka mtandaoni, mitumba ya treni, hata mimi nilicheka. Hakuna aliyeuliza swali dogo la kitoto: treni ya Mallorca inaingiaje kwenye reli ya Kibera? Inaingia kwa sababu ni upana ule ule. Kisiwa cha watalii wenye pesa kinatembea kwa meta moja. Uswisi nako kuna reli ya Rhaetian, meta moja, inayopanda milima ya Alps, na tangu 2008 vipande vyake viwili vimo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kule wembamba wake ni uhodari. Hapa ni ushamba. Tofauti iko kwenye kupaka mafuta, kubadilisha mataruma na kuheshimu ratiba, na hayo hayana uhusiano wowote na milimita.

Mimi nilijua haya kwa sababu nilishika rula. Chuo hakikunifundisha.

Nilitoka kampo mwaka wa tatu. Karo ilikuwa sababu moja, mimi mwenyewe nilikuwa nyingine, na sitaki kujitakasa. Nilikuwa nikisomea mipango miji. Nakumbuka kazi moja ya darasa: tulipewa ramani ya kipande cha ardhi kando ya reli na kuambiwa tuchore mapendekezo. Kwenye ramani ile ya hali ilivyo, mahali ambapo nilijua kwa macho yangu pana kinyozi, banda la video, kanisa la mabati na mama wa chapo, palichorwa doa moja la kijivu. Basi. Tukapaka kijani juu ya kijivu, tukaandika bustani, tukapata alama. Yangu ilikuwa nzuri, 68.

Sasa mtu akiniambia kwamba napoteza muda nikipanga mji wa kadibodi, huwa najiuliza alama zile 68 zilikuwa za nini.

Wanaotuuliza kama kitu kinalipa wamefundishwa na mafundisho yaliyoenea mji mzima. Yako kwenye mahubiri, yako kwenye matatu, yako kwenye vile vitabu vya barabarani vyenye picha ya simba. Amka saa kumi. Kila kipaji ni biashara iliyolala. Unajua kusuka? Uza. Unajua kupika? Uza. Unapenda kutembea? Fungua kampuni ya kutembeza watu. Mtu wa rika langu hawezi kusema anapenda kitu bila kuongeza sentensi ya pili inayoeleza jinsi kitakavyoleta doo. Na ile sentensi ya pili hula ya kwanza. Najua msusi aliyependa kusuka. Najua mpiga picha aliyependa mvua, na sasa anapiga picha za harusi mpaka anachukia maua.

Beshte yangu mmoja alinishauri nifungue chaneli. "Weka kontenti, buda. Treni ya ghetto. Watu watalia." Sitajifanya mtakatifu: nilijaribu. Nilipiga video kwa siku nne. Siku ya tano niligundua nimepaka rangi upande mmoja tu wa mabehewa, ule unaoelekea kamera. Upande wa pili ulikuwa bado umeandikwa jina la duka la viatu. Nikazima simu nikapaka upande wa pili, ambao hakuna atakayeuona isipokuwa mende.

Ningeweza kujitetea kwa njia nyepesi. Ningeweza kukwambia kwamba kule MIT kulikuwa na chama cha wanafunzi wa treni ndogo, kilichoanza 1946, na kwamba baadhi ya wale vijana wa nyaya na swichi ndio waliokuja kuhangaika na kompyuta za kwanza za chuo kile. Hata neno haka, kwa maana ya kompyuta, lilikua mikononi mwao. Ni kweli, na ni hadithi tamu kwa mji unaojiita savana ya teknolojia. Lakini nikiitumia hiyo nimeshindwa tayari. Nitakuwa nimekubali kwamba treni ile ilihitaji kuzaa kompyuta ndipo isamehewe.

Wa pili kunikera ni wale wa "hivyo ni vitu vya wazungu wastaafu." Picha iko wazi: mzee wa Uingereza, chumba cha chini ya nyumba, kofia ya dereva. Rod Stewart, yule mwimbaji, ana mji mzima wa treni alioujenga kwa zaidi ya miaka ishirini. Sawa. Lakini wewe unayesema hivyo, ulipokuwa na miaka tisa ulikuwa ukiendesha nini? Ulikuwa na gari la waya. Magurudumu ya vifuniko au ya malapa yaliyokatwa, usukani mrefu wa kufika kifuani, na kama baba yako alikuwa na marafiki wa gereji, springi za kweli mbele. Mtaani kwetu kulikuwa na kijana aliyejenga lori lenye trela iliyokunja kona vizuri kuliko lori lenyewe la barabarani. Alikuwa anapima kwa vidole. Hakuna mzungu aliyemfundisha. Kisha akafika darasa la saba, mtu mzima akamwambia aache mchezo, akaacha. Yale magari leo ukiyaona yako Maasai Market, yakiuzwa kwa watalii. Kwa hivyo ujuzi tunao, na sisi wenyewe ndio tunaouwekea tarehe ya kufa. Ni afadhali tuseme ukweli kwamba mchezo tumewaachia wenye chumba cha ziada.

Nina keja ya futi kumi kwa kumi. Nitarudi hapo.

Sasa yule mkoloni. Kuna watu wa aina ya tatu, na hawa wananipenda, ndio maana ni hatari. Mwezi wa nne mwenye hoteli mmoja aliona picha ya ubao wangu kwa simu ya rafiki. Alitaka kuununua uwe mapokezini, chini ya kioo. Alitaja shilingi 15,000. Wakati huo nilikuwa na deni la kodi la miezi miwili. Alikuwa na masharti madogo tu: niondoe vibanda. Badala yake niweke jukwaa safi la stesheni, maua, bibi mwenye mwavuli mweupe, bwana mwenye kofia ngumu, masanduku ya ngozi. "Ile enzi," alisema, kwa sauti ya mtu anayekumbuka alichokula.

Enzi gani? Katika wale 32,000 waliotoka India, takriban 2,500 walikufa kabla kazi haijaisha. Wanandi walipigana na reli hiyo miaka na miaka, wakichukua nyaya za simu na boliti kutengeneza mapambo na silaha, mpaka Koitalel arap Samoei akauawa mwaka 1905 katika mkutano ulioitwa wa amani. Kila nikinyoosha waya wa shaba huwafikiria hao mafundi. Walijua waya ni wa nini. Huwezi kuiweka reli hii chini ya kioo ukabakisha mwavuli peke yake.

Na vibanda ndivyo stesheni. Reli ya Nairobi ninayoijua ina mama anayepanga sukuma kando ya mataruma na kuzijua saa za treni kuliko msimamizi yeyote. Ina njia za mizigo za Industrial Area zilizoingia mpaka ndani ya magodauni, na sasa unaziona zikichungulia kwenye lami, chuma mbili sambamba zinazopotea chini ya ukuta. Hicho ndicho nimekijenga: njia tatu za pembeni, godauni la mabati, kinyozi, banda la chapo, mtu amelala kwenye mkokoteni. Kila kibanda kina mlango. Nimekataa doa la kijivu.

Kwa hivyo nilimkatalia. Kodi ikachelewa zaidi, keteka akaweka kufuli lake juu ya langu, na mama yangu, anayeuza mitumba ya watoto huko nyumbani, akatuma nusu. Alinipigia jioni ile. Hakugombana. Aliuliza tu, "Na hiyo treni, mwanangu, ni ya nini?" Hiyo ndiyo sehemu ya hoja yangu nisiyoweza kuipamba. Mtu akisema starehe yangu ililipiwa na mgongo wa mama, sina jibu. Nimemrudishia pesa zile kwa awamu tatu, na swali lake bado liko. Lakini nilitambua kwamba lake halikuwa lile la keteka. Yeye hakuuliza italipa nini. Aliuliza ni ya nini.

Basi nijibu, kwa sababu anasoma hapa wakati mwingine.

Mama, ubao una mpango uliobuniwa na Mwingereza mmoja, Alan Wright, na unaitwa Inglenook. Ni kwa watu wasio na nafasi. Hauna mzunguko; treni haiendi popote. Kuna njia tatu: moja inabeba mabehewa matano, nyingine matatu, nyingine matatu, na kipande cha mbele kinachotosha kichwa na mabehewa matatu tu. Unaandika majina ya mabehewa manane kwenye karatasi, unatia kwenye kikombe, unachomoa matano. Kazi yako ni kuyapanga matano hayo kwa mfuatano uliotoka, kwenye njia ndefu, bila kuinua chochote kwa mkono. Kuna mifuatano 6,720. Ukicheza mmoja kila usiku itakuchukua zaidi ya miaka kumi na minane. Yote hayo kwenye ubao unaosimama nyuma ya mlango ninapotaka kulala.

Na mama, babu alikuja mwezi wa sita, alipokuja kliniki. Hukumwambia kuhusu treni, nami nikaificha kwa shuka. Aliiona. Akakaa kitandani akaitazama kimya mpaka chai ikapoa. Kisha akasema swichi ya pili nimeiweka vibaya: mtu wa kuivuta angesimama mahali ambapo dereva hamwoni. Nikamwambia hakuna mtu, babu, navuta kwa uzi. Akaniangalia kama mjinga. "Yuko," akasema. "Lazima awe na mahali pa kusimama."

Stima ikapotea. Nikawasha betri ya pikipiki ninayoiweka kwa ajili hiyo. Babu akasimama katikati ya chumba, magoti yake yale, akachukua simu yangu akawasha tochi. Akaiinua. Nikasukuma. Akaiyumbisha polepole, nikapunguza. Akaishusha ghafla, nikasimamisha, na behewa la tatu likagusa la nne bila hata kutikisika. Tulipanga matano kwa hatua chache kuliko nilivyowahi. Hakuongea lolote isipokuwa mara moja, nilipotaka kuharakisha: "Ngoja mkono."

Asubuhi nilibomoa swichi ya pili. Nimeisogeza sentimita nne kushoto, na kando yake nimeweka mtu wa milimita 28, wa kadibodi na gundi, mkono mmoja juu. Bado hana uso. Behewa namba sita linaruka reli likipita mbele yake, kwa hiyo nahitaji kukaza lile taruma la tatu, na risasi yangu imeisha. Kama unapita Luthuli wiki hii, nipigie.